Mgeni Aliyekataa Kuchinjiwa Kuku

Pale Igombe, wanawake wanapoinama kuanika dagaa, yuko mmoja ambaye utamsikia kabla hujamwona, kwa sababu huwa anacheka kabla hadithi yake haijafika kwenye kicheko. Huyo ndiye Amondi, mke wa Okech, mama yake Sharon. Kwa kuanika dagaa hana mpinzani. Wengine hugusa dagaa kwa kidole kujua kama wamekauka. Yeye huchota konzi moja, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza simu, kisha akasema, "Bado. Hawa bado wanaongea." Na kweli, ukiwaweka kwenye gunia siku hiyo, wataoza.

Lakini Amondi alikuwa na doa moja, na doa lenyewe lilikuwa la mboga.

Miaka minane iliyopita, akiwa na mwezi mmoja tu katika ndoa, mjomba wa Okech, mzee Ojuok, alitoka Shirati kuja kumwona bi harusi. Kwa Wajaluo wa kando ya ziwa, mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, hilo halina mjadala. Amondi alitoka jikoni mkono mmoja ameshika jogoo, mkono mwingine kisu, akakutana na mzee uso kwa uso mlangoni. Adabu ikamtuma apige goti aamkie. "Shikamoo, mjomba!" Alipopiga goti, jogoo akamponyoka. Akakata mbuga hadi ufukweni, akarukia mtumbwi uliokuwa unaondoka kwenda Ukerewe, akasimama pale mbele kama nahodha. Watu wa mtumbwi walidhani ana mwenyewe humo ndani. Mzee Ojuok akala ugali kwa matembele, akashukuru kwa upole, akarudi Shirati, akaeleza ukoo mzima.

Tangu siku hiyo watu wa Igombe walimwita Mama Matembele. Jina lenyewe angelivumilia. Kilichomuuma ni kwamba kila akija mgeni pale mtaani, awe mwalimu, awe mchungaji, hupitishwa mlangoni kwake kama anapitishwa kwenye shimo, akapelekwa kwa jirani yake Rebeka, mwenye kuku kumi na saba na mdomo unaowatosha wote. Amondi alisikia harufu ya mchuzi ikivuka ua, akatamani siku moja mgeni awe wake.

Siku ikafika. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na dada mmoja mwembamba, mwenye nywele ndefu zilizosukwa mkia mmoja na begi kubwa kuliko mgongo wake. Aliitwa Nilmini. Alitoka Sri Lanka, dini yake Ubudha, na kazi yake ilikuwa kuandika jinsi watu wa kawaida wanavyoishi: wanavyopika, wanavyosali, wanavyosalimiana, na wanavyofikiri kuhusu vitu hivyo.

"Angekaa kwa Rebeka," mwenyekiti alisema bila aibu, "lakini Rebeka yuko Sengerema kwa mdogo wake aliyejifungua. Ni siku kumi tu, Mama Sharon. Utaweza?"

"Kwa nini nisiweze?" Amondi alisema, akalipokea lile begi.

Nilmini alikuwa mgeni mwepesi. Alilala kwenye mkeka, alibeba maji, alimbeba Sharon wa miezi sita akamwimbia kwa lugha yao mpaka mtoto akasinzia. Kiswahili alijifunzia darasani, kwa hiyo kilikuwa kimepigwa pasi. Dagaa alikula vizuri tu. Shida yake ilikuwa moja, maswali.

"Naomba kuuliza, Mama Sharon. Kwa nini mnageuza dagaa kwa fagio hili fupi?"

"Kwa sababu lile refu limepotea."

Nilmini akaandika.

"Na kwa nini dada yule amefunga kitambaa chekundu kichwani?"

"Kwa sababu hajasuka."

Akaandika na hilo. Mende alipopita ukutani, Amondi akavua ndala, Nilmini akamwahi mende, akampandisha kwenye jani, akamtoa nje, akamwekea jani kivulini. Okech, aliyekuwa anashona wavu pale mlangoni, alimfuata mende yule kwa macho.

"Huyo atarudi na ukoo wake," alisema. "Atawaambia huku kuna usafiri."

Siku ya pili Amondi akaamua kufuta doa lake mapema. Alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mzito, waliyemwita Mjumbe kwa sababu kila asubuhi alizungukia nyumba zote kumi kuona kila mtu anakula nini. Safari hii alimfunga miguu kwanza. Kama ilivyo desturi, akampeleka kwa mgeni amwone angali hai.

"Mgeni wetu, kuku wako huyu."

Nilmini akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa mbele ya Amondi, kisha mbele ya jogoo pia. Jogoo hakuitikia.

"Mama Sharon, asante sana. Lakini tafadhali, asife kwa ajili yangu."

"Hauli kuku?"

"Ninakula. Ila watawa wetu wana sheria, na bibi yangu alitulea nayo nyumbani. Nyama ninaweza kula kama sikuona ikichinjwa, sikusikia, na sishuku kwamba mnyama ameuawa kwa ajili yangu. Akichinjwa kwa ajili ya mtu mwingine, nikakaribishwa, ninakula na kunyonya mifupa."

Amondi akasimama pale na jogoo mikononi. "Sasa kuku wa mgeni asipochinjwa kwa ajili ya mgeni," aliuliza polepole, "ni kuku wa nani?"

Nilmini akaona swali ni zuri sana, akaliandika.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, bibi Anyango, kutoka Shirati. Bibi huyu hakuwa mkali, ila alikuwa na kumbukumbu. Habari za matembele alikuwa hajazisahau hata siku moja.

"Nasikia mna mgeni kutoka ng'ambo. Kuku vipi?"

"Yupo, mama," Amondi alijibu, na wala hakudanganya.

"Vizuri. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumsalimia kabla hajaondoka Jumapili. Nisije nikakuta aibu ile tena, mwanangu. Mara ya kwanza ni ugeni. Mara ya pili watasema ndivyo mke wa Okech alivyo."

Amondi alikata simu, akamtazama Mjumbe. Mjumbe naye akamtazama, jicho moja baada ya jingine.

Okech ndiye aliyeleta wazo la kwanza, maana na yeye alikuwa na lake. Kwenye kuku wa mgeni, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na Okech alikuwa ameanza kuiota. "Si kasema asione na asisikie?" alinong'ona. "Jogoo tumpeleke kwa Mhoja kule nyuma ya mwamba. Achinjwe huko alfajiri, arudi akiwa mchuzi. Nani atajua?"

Mhoja, Msukuma mwenye ng'ombe watatu na roho nzuri, akakubali kumlaza jogoo kwake. Asubuhi, kabla kisu hakijanolewa, Nilmini alitoka nje na saa yake mkononi, uso umemjaa wasiwasi.

"Mama Sharon, Mjumbe hajawika! Siku zote ni saa kumi na moja na dakika nane. Nimeandika. Ni mgonjwa?"

Amondi alikuwa na Sharon mgongoni, na kila akitaka kudanganya huku mtoto anampumulia shingoni, ulimi unakuwa mzito.

"Ameenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Kwa Mhoja."

"Kufanya nini?"

"Ku... kusalimia tu."

Nilmini akaandika kwamba jogoo wa Igombe hutembeleana na hulala ugenini, akapiga na mstari chini yake. Ikabidi Okech aende mbio kwa Mhoja, akarudi na Mjumbe kwapani, akijifanya anazungumza naye habari za huko.

Wazo la pili lilikuwa la Amondi mwenyewe. Achinjwe kwa ajili ya Sharon! Mtoto ametimiza miezi sita, watu wa mjini siku hizi hufanyia watoto sherehe hata ya nusu mwaka. Akamtangazia mgeni kwa furaha kwamba kesho kuna kuku wa Sharon.

"Hongera, Sharon!" Nilmini alisema, akamfungua mtoto mdomo taratibu kwa kidole. Ufizi mtupu, laini kama ndizi iliyoiva. "Atamtafuna na nini?"

Sharon akacheka, akamng'ata kidole kwa ufizi.

"Ninashuku, Mama Sharon," mgeni alisema kwa huruma.

"Basi achinjwe kwa ajili yangu!" Okech akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mimi hapa ndiye mwenye nyumba. Nina njaa ya wazi kabisa, mtu hahitaji kuishuku."

"Baba Sharon, jana ulisema ungependa mimi nile mapaja."

Okech akarudi kwenye wavu wake. Akawa amejishona kidole.

Alhamisi Rebeka akarudi kutoka Sengerema. Hata mzigo hajatua, akaja uani kwa Amondi, akazunguka jalala mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Jirani, habari za siku? Nasikia unalea mgeni."

"Nzuri, jirani. Karibu."

"Nimeshakaribia. Ila mbona sioni manyoya?"

Amondi alijifanya anamfunga mtoto kanga.

"Siku ya nane leo," Rebeka aliendelea, "na jalala halina hata unyoya mmoja wa kujichokonolea sikio. Au safari hii jogoo kaenda na meli?" Akacheka mpaka akashikilia ua. "Mama Matembele ni Mama Matembele tu. Sengerema nzima wataumwa mbavu."

Usiseme Amondi hakufikiria kumnyonyoa Mjumbe manyoya machache angali hai, akayamwaga jalalani. Alifikiria. Alifika hata kumshika mkia. Lakini jogoo alipogeuka akamtazama vile, akamwachia, akaenda kukaa jikoni, akatoa machozi mawili ya kweli. Yale mengine yalikuwa ya moshi.

Ijumaa mitumbwi yote ikawa imelala mchangani kwa siku ya nne, wanaume wamejaa mtaani wakicheza bao na kusumbua wake zao. Nilmini akamuuliza Okech kwa nini hawaendi ziwani.

"Mwezi mkubwa," Okech alisema, akili yake ikiwa kwenye firigisi. "Mwezi ukiwa hivi hatuui dagaa."

Nilmini akashika kifua. Akasema kesho ni siku ya mwezi mpevu, siku takatifu kwao, wanaiita Poya. Siku hiyo watu wa dini yake huvaa nyeupe, hawadhuru kiumbe chochote, na wakishapita saa sita mchana hawaweki chakula mdomoni hadi kesho yake. "Na nyinyi huku, mbali namna hii, mnaiheshimu siku hiyo hiyo!" Macho yakamlowa. Akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

Okech akakuna shingo, lakini hakutaka kumkatisha mtu anayelia.

Amondi hakusikia hata neno kuhusu dini. Alichosikia ni saa sita mchana. Kesho ndiyo siku ya mwisho, mama mkwe anakuja, na mgeni hali kitu mchana ukigeuka. Hapohapo wazo likamshukia, akashangaa kwa nini halikuja mapema. Mama mkwe! Anatoka Shirati, safari ya mbali, mtu mzima wa heshima. Kuku achinjwe kwa ajili ya mama mkwe. Hapo hakuna uongo wala shaka. Nilmini atakaribishwa tu, atanyonya mifupa, manyoya yatajaa jalalani. Amondi alicheza pale jikoni peke yake, Sharon mgongoni akirushwarushwa na kupiga kelele za furaha.

Jumamosi saa nne bibi Anyango akafika kwa bodaboda, maana usiku alilala kwa mdogo wake kule Buzuruga. Alikaa nyuma ya dereva akiwa amenyooka kama yuko kanisani. Amondi akapiga goti, safari hii mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni yuko wapi?"

Nilmini alikuwa kwenye kigoda, amevaa nyeupe toka juu hadi chini, akaamkia vizuri kabisa. Bibi akaridhika naye. Amondi hakupoteza muda, akaingia jikoni, akatoka na Mjumbe, miguu imefungwa.

"Mama, kuku wako huyu."

Bibi Anyango akamtazama jogoo, akamtazama Amondi. "Wangu?"

"Ndiyo, mama. Wa kwako wewe kabisa. Kwa ajili yako peke yako. Si wa mtu mwingine yeyote hapa," Amondi alisema kwa sauti kubwa, akimwangalia Nilmini kwa pembe ya jicho.

"Tangu lini mama akachinjiwa kuku wa mgeni katika nyumba ya mwanawe?" Bibi akasimama. "Mimi ni mgeni hapa? Nilimzaa Okech nikiwa napita njia? Unanifukuza, mke wa Okech, au unanifukuza?"

Huko uani kikasikika kicheko. Rebeka alikuwa amekuja kuomba chumvi, bakuli mkononi, na chumvi ameshaisahau.

Amondi akaketi chini palepale, jogoo mapajani, mtoto mgongoni, na akasema yote. Alieleza kisa cha Mhoja, na Sharon asiye na jino, na mkia wa Mjumbe alioushika akauachia. Alieleza kwamba miaka minane alitaka mgeni mmoja tu ili amkirimu kama watu, na alipompata, akapata ambaye ukimchinjia kuku umemnyima. Alianza akilia, lakini alipofika kwenye jogoo aliyekwenda kusalimia, kicheko kikamshinda, akawa analia na kucheka kwa pamoja, na Sharon akamsaidia kwa kulia tu.

Bibi Anyango hakucheka. Alimgeukia Nilmini. "Ni kweli haya?"

"Ni kweli, bibi. Sikujua ninamtesa. Naomba msamaha."

"Saa ngapi sasa?" bibi aliuliza.

"Saa tano na dakika ishirini."

"Na saa sita mdomo unafungwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kwanza mtu ale. Hapo jikoni kuna nini?"

Amondi alitamani ardhi impokee. Kulikuwa na ugali, na sufuria ya matembele ya karanga aliyoipika iwe ya pembeni ya kuku. Hakuna kingine. Akaleta matembele, mbele ya mama mkwe yuleyule, mbele ya Rebeka.

Nilmini akamega ugali, akachovya, akafumba macho. Akaongeza. Akaomba tena. Mara ya tatu alijipakulia mwenyewe, akasema bibi yake angevuka bahari kwa miguu kufuata mboga hii. Bibi Anyango akanyoosha mkono, akaonja kidogo, akaonja kisichokuwa kidogo.

"Kumbe hii ndiyo aliyolishwa Ojuok?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwongo mkubwa yule. Hakusema kama ni tamu."

Saa sita kasoro dakika nne Nilmini akanawa. Ndipo bibi akamuuliza kwao mtu humheshimu vipi mgeni bila damu. Nilmini akasema siku kama ya leo, mtu akitaka kutoa zawadi kubwa, hununua mnyama aliyekuwa achinjwe, akamwacha aishi. Hakuna zawadi inayoipita hiyo.

Bibi Anyango akahamisha mambo kichwani kama anapanga vyombo kabatini. Kisha akamchukua Mjumbe mapajani kwa Amondi, akamfungua miguu, akamweka mikononi mwa Nilmini.

"Kuku wa mgeni hukabidhiwa mgeni," alisema. "Hata sisi kule Shirati mgeni anayeondoka hupewa kuku hai akaenda naye. Kazi ya mwenyeji inaishia mkononi. Akimla, wake. Asipomla, wake. Rebeka! Umeona?"

Rebeka akashtuka, bakuli likaanguka. "Nimeona, mama. Lakini hajachinjwa!"

"Wewe umechinjia wageni wangapi?"

"Wengi, mama. Siwezi kuwahesabu."

"Na kuku hao wako wapi leo?"

Rebeka akainama kuokota bakuli lake.

"Chooni," bibi alisema. "Huyu wa mke wa Okech yupo, anatembea. Kila apitaye njia hii atamwona, ataambiwa, yule ni kuku wa mgeni. Nani kati yenu amekirimu zaidi?"

Watu wa bao waliokuwa wamesogea kusikiliza wakapiga makofi. Mjumbe akawika, saa sita kamili mchana, na Nilmini akaikimbilia kalamu.

Hapo ndipo Okech, kwa kuwa siku ilikuwa ya kusema kweli, akakohoa. "Dada Nilmini, ile habari ya mwezi. Hatuendi ziwani kwa sababu mwezi ukiwaka, dagaa hawazifuati taa zetu. Ukipungua, tunawaua kama kawaida."

Nilmini alimtazama, akatazama kurasa zake mbili, akaanza kucheka mpaka akajilaza kwenye mkeka na nguo yake nyeupe. Kurasa zile hakuzifuta. Aliandika tu pembeni, kwa herufi ndogo, aliyoambiwa.

Kesho yake alimfunga Mjumbe uzi mweupe mguuni, akamwacha kwa Amondi amtunzie. Tangu hapo jogoo yule hana wa kumgusa. Hula dagaa mchangani mchana kweupe, huingia kwa Rebeka akatawanya mtama, na Rebeka, akinyanyua fimbo, hukumbuka uzi, akaishusha akisonya. Wageni nao hawapitishwi tena mlangoni kwa Amondi. Huletwa kumwona kuku, na wakishamwona, huketi, na wakishaketi, huuliza mboga gani inanukia vile.

Mzee Ojuok naye alikuja mwezi wa nane. Aliomba matembele, mbele za watu, kwa jina. Amondi akampa, na juu yake akamchinjia mtetea, kisu kikiwa mkononi na salamu zikiwa zimekwisha mapema. Okech akaletewa firigisi yake kwenye kisahani. Aliifikisha mdomoni, akainua macho, akamwona Mjumbe amesimama mlangoni na uzi wake, anamtazama, jicho moja baada ya jingine.

Okech akamgeuzia mgongo, akatafuna.